Makuta ya dawa: nani anagawana faida, nani anabaki na deni?



Kuna swali moja lenye linarudi kila mara katika mikutano yetu ya mtaa: «Ile makuta tunalipa ku farmasi, inaendaka wapi?» Mama anaingia ku duka ya dawa na franka zake, anauziwa plaketi moja, siku zingine vidonge vine tu vyenye wamekata na makasi, anarudi nyumbani. Hajui nani aliingiza ile dawa. Hajui ililipiwa ngapi ku mupaka. Hajui nani amepata faida juu yake. Anajua bei tu, na anajua kama mutoto iko na homa.

Leo tunataka kuongea juu ya ile faida. Tutaanzia mbali, Marekani. Si juu tunapenda mambo ya wazungu. Ni juu kule makaratasi ya kampuni kubwa za dawa yako wazi, mutu yeyote anaweza kuyasoma. Hapa kwetu makaratasi mingi yamefungwa mu tiroari. Basi tujifunze kusoma kwenye kuko mwanga, kisha turudi kwetu na maswali yenye kunyooka.

Gawio ni nini?

Wengi kati yenu muko mu AVEC, ao mama zenu wako ndani. Kila wiki mutu ananunua hisa zake. Kuna sanduku yenye makufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu. Kuna makuta ya mikopo, kuna na makuta ya jamii, ile ya kusaidia mwenye kufiwa ao mwenye kulala hospitali. Mwisho wa mwaka wanafungua sanduku, wanahesabu mbele ya macho ya wote, wanagawa. Mwenye alinunua hisa mingi anapata mingi. Hakuna siri.

Gawio la kampuni, lenye ku ofisi zetu wanaita «dividende», linafanana na vile. Kampuni inapata faida, baraza la usimamizi linakaa, linaamua: sehemu hii itabaki mu kazi, sehemu hii itaenda kwa wenye hisa. Neno la kushika hapa ni «linaamua». Gawio haianguke kutoka mbinguni sawa mvua. Si mushahara, si kodi. Ni uamuzi wa watu wenye majina, wamekaa ku meza, siku fulani, na walikuwa na uwezo wa kuamua kingine.

Sasa fikirini hivi. Mu AVEC yenu, wakati wa kugawa umekaribia, mwenye shamba anakuja. Anasema mbuzi za kikundi zimekula mahindi yake yote. Munaangalia, munaona madai yake iko nzito. Je, mutagawana kwanza, mukamilishe kila mutu fungu lake na kuongeza kidogo juu, kisha mumwambie mwenye shamba: «Wewe tutakulipa polepole, miaka 18»?

Mutasema hapana, hii ni haya. Basi sikieni hadisi ya kampuni moja ya Ohio.

Kampuni yenye kusambaza

Inaitwa Cardinal Health, makao yake ni Dublin, mu jimbo la Ohio. Robert Walter aliianzisha mwaka 1971, na wakati ule ilikuwa inasambaza chakula. Iliingia mu dawa mwaka 1979. Leo ni moja ya wasambazaji watatu wakubwa wa dawa kule Marekani, pamoja na McKesson na AmerisourceBergen, yenye tangu 2023 inaitwa Cencora.

Kazi kubwa ya musambazaji si kutengeneza dawa, na si kuandikia mugonjwa dawa. Ananunua kwa watengenezaji, anaweka mu depo, anapeleka ku farmasi na ku hospitali. Mu mwaka wake wa hesabu wenye uliisha tarehe 30 Juni 2020, Cardinal Health iliuza kwa dola bilioni 152,9. Ni mlima wa makuta. Lakini ku kila dola mia moja yenye inapita, faida yenye inabaki ni ndogo sana. Ni sawa mama mwenye kuuza makala kwa jumla: ku mufuko mumoja anapata kidogo, njo maana anatafuta kupitisha mifuko mingi. Wingi njo faida. Mushike neno hili, tutalihitaji.

Ku soko la hisa la Marekani, kampuni hii iko na sifa moja yenye wawekezaji wanapenda. Kuna kundi la kampuni zenye wanaita «aristokrati wa gawio»: zile zenye zimepandisha gawio lao kila mwaka, bila kukosa, kwa miaka 25 ao zaidi. Cardinal Health iko ndani. Inalipa kila miezi mitatu. Mwaka 2019 ilikuwa inalipa dola 0,4811 kwa hisa moja. Mwaka 2020, dola 0,4859. Mwaka 2021, dola 0,4908. Kila mwaka asilimia moja hivi juu.

Mwenye hisa mia moja, mwaka 2020, alipata karibu dola 48 na nusu kila miezi mitatu. Unaweza kusema ni kidogo. Lakini ukijumlisha hisa zote, wakati ule kampuni ilikuwa inatoa zaidi ya dola milioni 500 kila mwaka kwa wenye hisa. Kila mwaka. Mvua inyeshe, jua liwake.

Vidonge

Sasa tuongee juu ya vile vilipita mu magari ya wasambazaji.

Tangu miaka ya 1990 na kuendelea, Marekani ilijaa dawa za maumivu za jamii ya afyuni, kama oxycodone na hydrocodone. Ni dawa za kweli, mutu mwenye kansa ao mwenye kupasuliwa anazihitaji. Lakini zinafunga mutu sawa kamba. Mwenye kuzizoea anaomba zaidi, na siku moja pumzi inakatika.

Juu ya hatari ile, sheria ya Marekani inamupa musambazaji kazi ya ulinzi. Akiona oda yenye si ya kawaida, kubwa kupita kiasi, yenye kurudi haraka kupita kiasi, anapaswa kuwaambia wakubwa wa serkali. Yeye njo mulango. Munganga anaona mugonjwa mumoja, farmasi inaona wateja wake, lakini musambazaji anaona muji muzima, anaona jimbo lote. Munaelewa shida iko wapi? Mulinzi wa mulango analipwa kwa wingi wa vitu vyenye vinapita ku mulango. Kila mara anasema «hapa basi», anapunguza faida yake mwenyewe.

Angalieni West Virginia, jimbo la milima na migodi ya makaa ya mawe, watu milioni 1,8 hivi. Kati ya 2007 na 2012, wasambazaji wa dawa, wote pamoja, walituma kule vidonge milioni 780 vya hydrocodone na oxycodone. Ni vidonge 433 kwa kila mutu, mwanaume, mwanamuke na mutoto. Mu miaka ile ile, watu 1 728 wa jimbo lile walikufa juu ya kuzidisha dawa hizo mbili. Kuna kijiji kinaitwa Kermit, watu 392. Farmasi moja ya kule ilipokea karibu vidonge milioni 9 vya hydrocodone mu miaka miwili.

Hatuseme kama Cardinal Health njo ilituma vyote. Walikuwa wengi mu ile biashara, na kulikuwa watengenezaji wenye walidanganya, waganga wenye waliandika karatasi bila kuangalia mutu, na serkali yenye ililala. Lakini mulango ulikuwa wa wasambazaji.

Na mutu mwenye alifanya kazi mu mugodi, mugongo ukaharibika, akaanza kumeza vile vidonge, hatuwezi kumwita mujinga. Sisi wa Katanga na wa Kivu tunajua mugodi unafanya nini ku mugongo wa mutu.

Hasara ku karatasi, gawio mu mufuko

Kesi zilianza kuja, maelfu: miji, majimbo, makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani. Mu mwaka wa hesabu 2020, Cardinal Health iliandika mu vitabu vyake mzigo wa dola bilioni 5,63 juu ya kesi za afyuni. Mwaka ule ilitangaza hasara ya dola bilioni 3,7.

Na gawio je? Lilipanda. Mwezi wa Mei 2020, mu mwaka ule ule wa hasara, baraza liliongeza asilimia moja.

Musituelewe vibaya. Sheria haikuvunjwa hapo. Ile hasara ilikuwa bado ku karatasi, makuta haikukuwa imetoka mu sanduku, kampuni ilikuwa na pesa ya kulipa. Mwenye kusoma hesabu atakuambia ni kawaida kabisa. Na sisi tunasema: hapo njo shida. Ni kawaida. Mwenye hisa alikuwa wa kwanza ku mustari, na hakuna mutu alishangaa.

Inaendelea. Mwaka 2020, juu ya COVID, bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye iliruhusu kampuni kuchukua hasara ya leo na kuitumia kurudishiwa kodi ya miaka ya nyuma. Cardinal Health ilihesabu gharama zake za kesi za afyuni mu hasara ile, na ilitangaza kama inangojea kurudishiwa dola milioni 974. Gazeti Washington Post liliandika juu yake mwanzo wa 2021. Kwa maneno ya mtaa: sheria ilitungwa juu ya kusaidia uchumi usianguke mu ugonjwa, na kampuni ikapita humo na bili ya vidonge.

Mwezi wa Julai 2021 wale wasambazaji watatu walitangaza mapatano makubwa, na mwanzo wa 2022 yalikamilika. Wote watatu: mpaka dola bilioni 21, kulipwa mu miaka 18. Fungu la Cardinal Health ni karibu bilioni 6. Chukueni kalamu. Bilioni 6 ukigawa sawasawa kwa miaka 18, ni dola milioni 333 kwa mwaka. Gawio, wakati ule, zaidi ya milioni 500 kwa mwaka. Mwenye hisa anapata zaidi, anapata mbele, na fungu lake linapanda. Muji wenye ulizika vijana wake unapata kidogo, unangojea, na fungu lake halipande.

Tuseme na upande mwingine, juu haki ni haki. Mu mapatano yale kampuni hazikukubali kosa. Mu kesi ya muji wa Huntington na wilaya ya Cabell, kule kwenye vidonge milioni 81 viliingia mu miaka nane kwa watu wasiofika laki moja, hakimu wa kwanza aliwapa wasambazaji haki mwezi wa Julai 2022. Alisema wao walipeleka tu vile waganga waliandika. Muji ulikata rufaa. Kwa hiyo hatuko hapa kumuita mutu muuaji. Tunauliza swali la mustari: nani anasimama mbele, nani anasimama nyuma, na nani aliupanga vile?

Mwenye hisa ni nani?

Kijana mumoja atasema: «Basi gawio ni wizi, tulifute.» Polepole, ndugu.

Kati ya wenye hisa wa kampuni hizi kuna matajiri, ndiyo. Lakini kuna na sanduku za pensheni za walimu, za madereva, za wafanyakazi wa serkali. Mwalimu muzee kule anakula juu ya ile gawio, bila kujua imetoka ku kidonge gani. Hata mu AVEC, bila kugawa hakuna mutu angeweka hisa. Mutaji unataka jasho lake, hakuna ubaya.

Na mwenye hisa akiamuka, iko na nguvu. Mwaka 2017, ku mukutano mukuu wa McKesson, wenye hisa wengi walipiga kura ya kukataa malipo ya mukubwa wa kampuni. Wenye walipiga kelele mbele ni sandika ya madereva, Teamsters, yenye iliona mushahara wa mamilioni haupatane na makaburi ya afyuni. Ile kura haikufunga mutu mu jela. Lakini ilionyesha kitu: uamuzi wa ku meza unaweza kuulizwa na wenye wako inje ya meza, kama wako na karatasi mu mukono.

Silaha ilikuwa karatasi

Hapa njo tunataka musome mara mbili.

Namba zote zenye tumewapa juu, zile milioni 780, wale 1 728, ile Kermit, hazikutoka kwa kampuni na hazikutoka kwa serkali kwa mapenzi yao. Zilitoka kwa muandishi wa habari mumoja, Eric Eyre, wa gazeti dogo la Charleston linaitwa Gazette-Mail. Namba zilikuwa mu makaratasi ya kesi yenye yalifungwa. Gazeti lilienda ku hakimu kuomba yafunguliwe, wasambazaji wakakataa, hakimu akafungua. Mwezi wa Desemba 2016 Eyre aliandika. Mwaka 2017 alipata tuzo ya Pulitzer. Mwanzo wa 2018 gazeti lake liliomba ulinzi wa mahakama juu ya madeni, likauzwa. Gazeti lenye kufilisika liliweza kufanya vile wizara nzima haikufanya.

Haikuishia hapo. Serkali ya Marekani ilikuwa na buku kubwa la hesabu lenye kuonyesha kila kidonge kilitoka kwa nani na kiliingia ku farmasi gani. Lilikuwa siri. Gazette-Mail, chini ya mwenye wake mupya, na Washington Post walienda mahakama pamoja. Hakimu wa Cleveland alikataa kwanza. Mahakama ya rufaa ikawapa haki. Mwezi wa Julai 2019 buku lilifunguliwa, na watu wakaona: vidonge bilioni 76 vya aina hizo mbili, kutoka 2006 mpaka 2012, inchi nzima. Kila muji ukaweza kutafuta jina lake.

Na angalieni mwisho wake. Mu yale mapatano ya miaka 18, mbali na makuta, kuna sharti moja: wasambazaji watatu wanapaswa kuweka hesabu zao mahali pamoja, ili ionekane farmasi moja inapokea ngapi kutoka kwa wote. Yaani kile walificha sana njo waliamuriwa kuonyesha. Hakuna mutu alichoma depo. Watu waliomba karatasi, wakaomba tena, wakakataliwa, wakaomba tena.

Turudi nyumbani

Sasa kwetu, Congo.

Wengi hawajui kama mupango wetu wa dawa za musingi ulijengwa bila gawio kabisa. Kuna depo za mikoa zenye kununua na kugawa dawa kwa vituo vya afya: ASRAMES ya Goma, APAMESK ya Bukavu, CAMELU ya Lubumbashi na zingine, zenye ziko pamoja mu shirikisho linaitwa FEDECAME. Ni mashirika yasiyo ya faida. Hayana wenye hisa. Kile kinabaki juu ya bei kinapaswa kurudi kununua dawa ingine na kulinda depo. Wazo ni zuri, na tuko tayari kulitetea mbele ya yeyote: dawa ya malaria ya mutoto wa Walikale haipaswe kulisha mwenye hisa.

Lakini kusema «hakuna gawio» haitoshe. Mahali hakuna gawio ku karatasi, faida inaweza kugawanwa kwa mulango wa nyuma: bei ya kununua yenye imepandishwa, misheni zisizoisha, magari. Hatushitaki mutu yeyote kwa jina. Tunasema kitu kimoja: sanduku yenye haina wenye hisa njo inahitaji zaidi makufuli tatu, juu hakuna mutu mwenye kuamuka asubuhi akauliza fungu lake iko wapi. Wenye sanduku ile ni sisi, na sisi hatuulizi.

Upande mwingine kuna kampuni za watu binafsi zenye kuingiza dawa na kuuza kwa jumla. Sehemu kubwa ya dawa yenye munanunua mu muji inapita kwao. Hizi ziko na haki ya kugawana faida, na hatukatae. Lakini haki ile iko na sheria yake. Tangu mwaka 2012 inchi yetu iko mu OHADA, na sheria ya kampuni ya OHADA inafanya kazi hapa kama inafanya Dakar na Abidjan. Inasema nini?

- Kampuni, SA ao SARL, kila mwaka wenye faida inapaswa kuweka pembeni moja ya kumi ya faida, mpaka ile akiba ifikie moja ya tano ya mutaji. Kabla ya hapo, hakuna kugawana yote.
- Kugawana faida yenye haiko, ao yenye hesabu yake haijafanywa, sheria inaita gawio la uongo, na mukubwa wa kampuni mwenye kulifanya kwa kujua anaweza kuazibiwa.
- Hesabu za mwaka zikishakubaliwa ku mukutano wa wenye kampuni, zinapaswa kupelekwa ku rejista ya biashara, RCCM, mu mwezi wenye kufuata.

Soma tena ule wa tatu. Ku rejista. Rejista si sefu ya tajiri. Ni mahali pa umma. Kati yenu, nani ameshaingia kule na kuomba kuona hesabu za kampuni moja yenye kuuza dawa mu muji wake? Sisi wenyewe tumechelewa. Tumetembea barabarani juu ya maji, juu ya umeme, juu ya barabara, na tulifanya vizuri. Juu ya hesabu za dawa tumenyamaza.

Na tusijidanganye kama hadisi ya vidonge ni ya wazungu. Tramadol ni binamu wa dawa zile. Munaijua. Wamotari wanaijua, watoto wa barabarani wanaijua, vijana mu migodi wanaijua. Inauzwa moja moja, bila karatasi ya munganga, kwa bei ya mkate. Kuna mutu aliingiza lile katoni, kuna mutu aliuza kwa jumla, kuna mutu aliona oda ni kubwa kupita muji na alinyamaza. Kwa huyo pia, wingi njo faida.

Tunaomba nini

Kwa ACOREP, wakala wa serkali wenye kusimamia dawa tangu 2020: weka mbele ya watu orodha ya waingizaji na wauzaji wa jumla wenye ruhusa, muji kwa muji, na kila mwaka kiasi cha dawa za kulevya zenye kila mumoja aliingiza. Usingojee makaburi.

Kwa depo za mikoa: kila mwaka tundikeni ku ukuta karatasi moja tu. Tulinunua kwa ngapi, tuliuza kwa ngapi, kimebaki ngapi, kimeenda wapi. Karatasi moja, kwa Kifransa na kwa Kiswahili.

Kwa kampuni za binafsi: gaweni faida yenu, lakini pelekeni hesabu ku rejista sawa sheria inaomba. Na mukiona oda ya tramadol yenye haifanane na muji, semeni.

Kwa sisi vijana: kila kundi la mtaa lichague watu watatu. Si wa kupiga kelele, wa kusoma. Mumoja mwenye alisoma hesabu, mumoja wa sheria, mumoja mwenye anafanya ao alifanya kazi ku farmasi. Waandike barua ya kuomba karatasi ku RCCM na ku depo. Wakiikataa, waombe risiti ya kukataliwa, yenye sini na tarehe. Waandike tena. Barua ya kwanza haitajibiwa, tunajua. Ya tano je?

Muandishi wa Charleston hakukuwa na bunduki, hakukuwa na makuta, gazeti lake lilikuwa linakufa. Alikuwa na swali moja: vidonge vingapi, kwa nani? Sisi tuko na swali lake la pili: faida ngapi, kwa nani, na mbele ya nani?

Mu AVEC, sanduku haifunguliwe mpaka wenye funguo tatu wafike. Sanduku ya dawa ya inchi hii imefunguliwa miaka mingi, na sisi hatuko mu chumba. Tuingie. Tukae. Tuombe tuhesabu pamoja.

Shirikisheni andiko hili ku makundi yenu, lisomwe kwa sauti mu mukutano wa juma hili, na mutuandikie muji gani uko tayari kuanza.